Namba ya Mtafiti Ni Kazi ya Mhariri

Chukua jina la Asha Juma Hamisi, jina la kawaida kabisa kuanzia Tanga mpaka Mtwara, ulipeleke kwenye fomu ya jarida la kitaaluma la Ulaya. Fomu inataka vitu viwili: jina la kwanza na jina la ukoo. La kwanza lipo. La ukoo halipo. Asha ni yeye mwenyewe, Juma ni baba yake, Hamisi ni babu yake, na ukoo wao una jina ambalo halijawahi kuandikwa kwenye cheti chochote. Basi Asha anajaza Hamisi kwa sababu ndilo la mwisho, na makala yake inaingia duniani kama ya "Hamisi, A. J." Mwaka unaofuata anayejaza fomu ni mwenzake waliyeandika naye. Anaandika Asha Juma kama wanavyomwita ofisini, na hapo anazaliwa "Juma, A." Makala ya tatu anashirikiana na watu wa Unguja, nao wanaandika Khamis, kama ilivyo kawaida yao. Akiolewa na kuanza kutumia jina la mume kwenye pasipoti, anapatikana mtu wa nne. Asha huyu nimembuni, lakini kila mkutubi wa chuo kikuu anamjua.

Kinyume chake nacho kipo. Fungua hifadhidata yoyote kubwa utafute "Juma, A." Utakuta mtu mmoja anayetafiti dagaa, upasuaji wa macho, sarufi ya vitenzi na mikopo ya vikundi vya akina mama, yote ndani ya miaka mitano. Huyo si mtu mmoja. Ni Ali, Amina, Abdallah na Asha waliowekwa chungu kimoja.

Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo, kitengo cha machapisho ya walimu, na ukiondoa maneno makubwa yaliyoandikwa kwenye mkataba wangu, kazi yenyewe ni kumtenganisha Juma na Juma. Chombo changu ni ORCID, namba ya kudumu anayopewa mtafiti mmoja.

Wenye majina ya koo hawajasalimika. Mtu wa Kilimanjaro anayeitwa J. Mushi atakuambia. Kenya ndiyo usiseme: Wakikuyu humpa mtoto jina la babu au bibi, kwa hiyo Kamau na Wanjiru wanarudi kila baada ya kizazi, na Wajaluo wakimpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa, kila mvulana wa usiku anakuwa Otieno. Desturi hizi zinawatosha kabisa wenyewe. Kijijini ukiuliza "Otieno yupi?" unajibiwa wa nani na wa wapi, mambo yamekwisha. Shida inaanza pale jina linapokatwa herufi ya mwanzo, likapelekwa kwenye orodha ya watu mamilioni, halafu mashine ikaambiwa iamue.

Na mashine kwa muda mrefu ilikuwa na taarifa kidogo mno. Orodha kubwa ya makala za tiba, MEDLINE ya Marekani, hadi mwaka 2002 ilikuwa inaingiza jina la mwisho na herufi za mwanzo tu za majina mengine. Hata kama jarida lilichapa jina lako zima, kwenye orodha uliingia kama mkia na herufi mbili. Wachina walilalamika kwa nguvu kuliko sisi, na walikuwa na sababu: Wang, Li na Zhang ni majina ya mamilioni ya watu, na majina tofauti kabisa kwa maandishi ya Kichina huwa kitu kimoja yakiandikwa kwa herufi za Kirumi. Chama cha wanafizikia cha Marekani, mwishoni mwa 2007, kilianza kuwaruhusu waandishi wachapishe jina lao kwa maandishi ya kwao pembeni ya lile la Kirumi. Ni ustaarabu mzuri, ila kwa Asha haukusaidia kitu, kwani herufi zetu ni zilezile.

Kampuni zilijaribu kutoa namba. Scopus, hifadhidata ya kampuni ya Elsevier, ikampa kila mwandishi namba yake, Thomson Reuters nayo mwaka 2008 ikaanzisha ya kwake. Zilifanya kazi ndani ya nyumba zao. Ukitoka nje, namba haitambuliki. Na mwenye namba hasa alikuwa kampuni. Ndipo wachapishaji, vyuo, maktaba na wafadhili wakakubaliana kuwa na namba moja isiyo mali ya yeyote kati yao, chini ya shirika lisilo la faida. Oktoba 2012 ORCID ikafungua milango. Mtafiti anajiandikisha mwenyewe, bure. Gharama inabebwa na taasisi wanachama. Kila mwaka shirika linatoa faili la taarifa zote zilizo wazi, yeyote achukue atumie bila kuomba ruhusa. Hiki kipengele cha mwisho ndicho kilichonifanya niiamini. Shirika likifa kesho, namba hazifi nalo.

Sasa namba yenyewe. Watanzania tumezoea namba zinazosema mambo. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Ukimpa mtu namba umempa na umri. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ni zaidi: shule uliyosoma, nafasi yako kwenye orodha, mwaka uliofanya mtihani. Watu wazima na familia zao bado wanapimana kwa namba hizo. Namba ya ORCID imetengenezwa makusudi isiseme lolote. Tarakimu 16, nne nne, zimetolewa bila mpangilio: hazisemi nchi, jinsia, chuo, wala mwaka uliojiandikisha. Mwenye namba akihama kutoka Dodoma kwenda Oslo, akibadili fani, akibadili jina, hakuna tarakimu itakayokuwa imesema uongo.

Tarakimu moja tu ndiyo yenye kazi, ya 16. Ni ya kukagua zile 15 za mwanzo. Napenda kuwaonyesha wanafunzi jinsi inavyopatikana, kwa kalamu na karatasi, kwa kutumia namba ya mfano ambayo ORCID wenyewe wanaitumia: 0000-0002-1825-0097. Anza na sifuri. Chukua tarakimu ya kwanza, ijumlishe na ulichonacho, zidisha jibu kwa mbili, hamia inayofuata. Sifuri saba za mwanzo hazibadilishi kitu. Ukifika kwenye 2 unapata 4. Ile 1 inakupa 10. Ile 8 inakupa 36, ile 2 inakupa 76, ile 5 inakupa 162. Sifuri mbili zinakuza tu: 324, kisha 648. Ile 9 inakupa 1,314. Gawanya kwa 11. Inaingia mara 119, inabaki 5. Toa hiyo 5 kwenye 12, unabaki na 7, na 7 ndiyo inayofunga namba. Sasa jifanye karani aliyechoka, uandike 1852 badala ya 1825. Ukirudia hesabu unaishia na 3. Kompyuta inakataa hapohapo. Jibu likitoka 10 huandikwa X, na ndiyo maana baadhi ya walimu wetu wana namba inayoishia na herufi. Kuna ofisi iliwahi kumrudishia mtu fomu kwa sababu hiyo, eti amekosea kujaza.

Ofisi nyingine, sitaitaja, ilikusanya namba za walimu wote kwenye Excel bila vistari. Excel ikaona namba, na namba haianzi na sifuri, basi ikazifuta zote za mbele. Walimu wote wakabaki na vipande. Nusu siku nzima tulikuwa tunarudisha sifuri. Ndiyo maana inashauriwa namba iandikwe kama anwani kamili ya tovuti, kuanzia https mpaka mwisho: haikatiki, na ukiibonyeza inakupeleka kwa mwenyewe.

Ukiibonyeza hiyo ya mfano, utakutana na Josiah Carberry, profesa wa Chuo Kikuu cha Brown. Hayupo. Watu wa Brown walimzusha mwaka 1929 kama utani, wakampa fani ya kuchunguza vyungu vilivyopasuka, na tangu hapo kila tarehe 13 ikiangukia Ijumaa chuo kinamkumbuka. Ana machapisho, ana namba, ana historia ya ajira. Nawaonyesha watu wasifu wake kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya maofisa wanadhani ORCID imethibitisha kwamba mtu ni msomi. Haijathibitisha. Inasema kwamba mwenye akaunti hii ni mmoja na si mwingine, basi. Unaweza kujiandikisha ukiwa nyumbani na ukadai makala za watu. Kinachotofautisha ni chanzo: kila kitu kwenye wasifu kinaonyesha nani amekiweka, mwenyewe au jarida au chuo. Nikisoma wasifu, jicho langu linaenda hapo kwanza.

Kwa Asha Juma Hamisi, kuna jambo dogo kwenye fomu ya ORCID ambalo wengi wanalipita. Jina la kwanza ni lazima. La mwisho si lazima. Anaweza kuandika majina yake matatu vile anavyotaka yasomeke, na chini yake kuna nafasi ya majina mengine anayojulikana kwayo: Hamisi A. J., Juma A., Asha Khamis, la mume, hata la zamani aliloliacha. Yote yanakaa chini ya namba moja. Halazimiki tena kumfanya babu yake kuwa ukoo.

Hapa ndipo watu wanapotarajia nimalize kwa kuwaambia wajiandikishe. Wengi wameshajiandikisha. Wafadhili wakubwa wanataka namba, Royal Society ya London iliilazimisha kwa waandishi wake Januari 2016, na majarida kadhaa yakafuata. Vyuo vyetu navyo vimeandika barua. Watu wamejiandikisha kama wanavyojiandikisha kitu chochote kinachodaiwa na ofisi: jina, baruapepe, nywila, kwaheri. Ukifungua akaunti hizo utakuta jina na weupe chini yake.

Mhadhiri mmoja alikuja na lalamiko ambalo nalisikia kila muhula.

"Dada, namba ninayo. Sasa mbona haijui kazi zangu?"

"Dokta, ulizichapisha wapi?"

Akataja majarida manne. Mawili ya nje, mawili ya hapa nchini. Tukafungua pamoja. Za nje zilikuwa zimeshaingia zenyewe, hajagusa kitu. Za hapa hazikuwepo, na kwenye tovuti za majarida hayo jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili.

"Kwa hiyo kosa langu ni lipi?"

Hakuwa na kosa. Na hili ndilo ninalotaka kulisema, maana semina zote nilizohudhuria zinamlenga mtafiti: jaza wasifu, sasisha wasifu, jitangaze. Mtafiti anatakiwa kufanya mambo machache mno. Kazi kubwa iko kwa mhariri wa jarida, na semina za wahariri hazipo, au zipo za kufundisha namna ya kupanga marejeo.

Mambo yanakwenda hivi. Unapopeleka makala, jarida linakuomba uingie kwenye ORCID na kuthibitisha kwamba namba ni yako. Namba inakaa kwenye taarifa za makala. Makala ikikubaliwa, jarida linaisajili Crossref, shirika lililoanzishwa na wachapishaji mwaka 2000, nalo linaipa makala DOI, namba ya kudumu inayoanza na 10. Kwenye usajili huo jarida linatuma kichwa cha makala, waandishi, namba zao, marejeo, na anwani ya ukurasa. Crossref ikiona namba ya ORCID, inaipelekea ORCID taarifa, na mtafiti akikubali mara moja tu, makala zote zijazo zinaingia zenyewe. Hilo limekuwepo tangu 2015. Mnyororo mzima unashikiliwa na mtu mmoja, yule aliyejaza taarifa za makala siku ya kuchapisha.

Na huyo mtu kwetu ni nani? Mara nyingi ni mwalimu mwenye vipindi kumi na mbili kwa wiki aliyepewa uhariri kama heshima, au kijana wa mafunzo kazini. Majarida mengi ya vyuo vya Afrika Mashariki yanatumia OJS, programu ya bure ya kuendesha majarida iliyoanzia Kanada kwa akina John Willinsky. Ni programu nzuri. Ina sehemu ya kumtumia kila mwandishi baruapepe ili athibitishe namba yake, ina sehemu ya kutuma usajili Crossref. Nimekaa na wahariri ambao hawajawahi kuziwasha. Nimeona makala ya waandishi sita iliyoingizwa kwa jina la mmoja, wengine wako ndani ya PDF tu. Binadamu anayesoma PDF atawaona. Mashine zinasoma kilichojazwa kwenye visanduku, na kwenye visanduku wale watano hawakuandika kitu. Nimeona waandishi wenza waliopewa baruapepe za kubuni ili fomu ikubali kuendelea. Nimeona namba ya ORCID ya mwandishi wa kwanza ikibandikwa kwa wote.

Huko siwatupii lawama za ubaya. Ni uchovu, na hakuna aliyewaambia kwamba visanduku vile ndivyo vinavyosomwa na dunia, PDF inasomwa na watu wachache.

DOI yenyewe ina hadithi inayofanana. Mfumo ulio chini yake ulibuniwa Marekani na Robert Kahn, mmoja wa wawili waliotengeneza lugha ya mawasiliano ya intaneti, na wazo ni jepesi: namba haiwi anwani, namba inaelekeza kwenye anwani. Jarida likihama seva, linabadilisha anwani kwenye daftari, namba inabaki ileile. Makala iliyotajwa kwenye vitabu mia haihitaji vitabu mia kurekebishwa.

Sharti ni kwamba mtu abadilishe daftari. Nikipitia marejeo ya tasnifu za wanafunzi nakutana na vifo vya aina mbili. Aina ya kwanza, unabonyeza na doi.org inakujibu kwamba namba hiyo haipo. Jarida liliichapa namba juu ya makala, ikapendeza, halikuisajili kamwe. Pengine lilikuwa na kiambishi chake halali, yaani tarakimu za mwanzo za DOI zinazomtambulisha mchapishaji, likaunda namba, likasahau hatua ya mwisho. Aina ya pili, namba ipo, inakupeleka vizuri, halafu unafika kwenye ukurasa usiofunguka kwa sababu chuo kilibadilisha tovuti likizo ya Desemba na idara ya kompyuta haikumwambia mhariri. Ya kwanza ni udanganyifu wa bahati mbaya. Ya pili ni ahadi iliyovunjwa, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu dawa yake ni faili moja la anwani mpya na dakika za kulipakia.

Msidhani ni letu peke yetu. Martin Paul Eve wa Birkbeck, London, alikagua zaidi ya kazi milioni 7 zenye DOI na kuchapisha majibu Januari 2024: asilimia 28 hakuzikuta kwenye ghala lolote kubwa la hifadhi ya kidijitali. Zina namba ya kudumu, lakini mchapishaji akifunga duka hakuna nakala ya uhakika ya kuielekezea.

Bei nayo ilikuwa kikwazo cha kweli. Kwa miaka mingi ada ndogo kabisa ya Crossref ilikuwa dola 275 kwa mwaka, na dola moja kwa kila makala mpya. Kwa mchapishaji wa Amsterdam hiyo ni hela ya chai. Kwa jarida la idara linalotegemea ruzuku isiyokuja, ni mwaka mzima wa maombi kwa mhasibu, na malipo yanahitaji kadi ambayo chuo hakina. Ndiyo maana majarida mengi yalipitia AJOL, jukwaa la mtandaoni la majarida ya Afrika lililoanza 1998 na sasa lina makao Afrika Kusini, ambalo lina kiambishi chake cha 10.4314, ukiona namba hiyo ujue makala imepitia hapo. Tangu Januari 2023 Crossref wana mpango unaofuta ada zote hizo kwa wanachama wa nchi zenye uwezo mdogo zaidi kiuchumi, na Tanzania imo. Kwa hiyo sababu ya fedha kwetu imekwisha. Mhariri anayeniambia "hatuna bajeti ya DOI" namwambia afungue barua ya maombi tuiandike palepale.

Ila nitoe tahadhari hapa: DOI si muhuri wa ubora. Majarida ya kitapeli yanazo, zimesajiliwa vizuri kuliko zetu. Mtu yeyote anaweza kupata DOI ya bure kwa chochote Zenodo, ghala la CERN, maabara ya fizikia ya Geneva, lililoanza 2013. Hilo si baya. Nawashauri wanafunzi wa uzamili waweke huko data zao na madodoso, kwa sababu chuo kikipoteza seva, Zenodo itakuwepo. Lakini kamati ya kupandisha vyeo inayotoa alama kwa sababu makala "ina DOI" inahesabu vibao vya milango badala ya kuingia ndani.

Taasisi nazo zina namba, ROR, zilizoanza Januari 2019, na huenda hapo ndipo tunapopoteza zaidi bila kujua. Chukua Muhimbili. Mpaka 2007 ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kifupi chake, MUCHS, kisha ikawa chuo kamili, MUHAS. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Mlimani ikawa TATAKI mwaka 2009. Mlimani kwenyewe kunaandikwa UDSM, University of Dar es Salaam, Univ. of Dar-es-Salaam kwa vistari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayepima utafiti wa Tanzania kutoka nje anapata vyuo vinane vidogo badala ya vichache vikubwa. Kwenye ROR majina yote hayo, ya zamani na vifupi, yanaweza kukaa chini ya namba moja, na ukikuta lako halimo unaomba liongezwe.

Upande wa mtafiti, yaliyobaki ni machache na niyaseme haraka. Jiandikishe kwa baruapepe mbili, ya chuo na yako binafsi. Mkataba ukiisha chuo kinafunga ile ya kwanza na wewe unabaki nje ya wasifu wako. Hii ndiyo sababu kuu ya watu kuwa na namba mbili au tatu. Ukigundua unazo, usiiache moja ikaoza: zipo njia za kuiunganisha, na ile ya zamani itaelekeza kwenye mpya. Ruhusu Crossref iweke makala zako. Chagua nani aone nini, maana kila mstari una kufuli lake. Halafu mwandikie mhariri wako. Mwandikie tena.

Kwangu sasa hivi mezani kuna kazi nyingine, na ndiyo ngumu. Tunataka kusajili matoleo ya zamani ya jarida moja, ya miaka ya 1970 na 1980, yaliyoskaniwa. Waandishi wake wengi wamefariki. ORCID ni ya walio hai, kwa kuwa mtu hujiandikisha mwenyewe; marehemu hana namba. Upo mfumo mwingine wa maktaba, ISNI, unaowatambua waandishi wa zama zote, na ORCID ilitengewa tarakimu zake ndani ya mpangilio huohuo ili zisigongane. Lakini wengi wa waandishi wetu hawamo hata humo.

Basi tunarudi kwenye jina. Na fomu ya Crossref, tofauti na ya ORCID, bado inalazimisha jina la ukoo; la kwanza ndilo la hiari. Kwa J. Mushi sawa. Kwa Shaaban Robert je? Robert ni baba yake. Kuna katalogi zinazompanga kwenye R na kuna watu tunaomtafuta kwenye S, kwa sababu hakuna Mswahili anayemwita Bwana Robert. Tumebishana ofisini, na tumeafikiana hivi: jina la mwisho liingie kwenye kisanduku cha ukoo kwa sababu mashine haisongi mbele bila hilo, na kwenye ukurasa wa makala, anaposoma binadamu, jina liandikwe zima kama mwenyewe alivyolichapa. Kila jina tunalolijaza tunaliandika pia kwenye daftari la pembeni, ili anayekuja baada yetu ajue lipi lilikuwa la mtu na lipi lilikuwa la baba yake. Tumefika toleo la 1974.